Kimya cha Sekela

Sekela alimjua mkwewe kwa kikohozi. Uso wake hakuujua. Usishangae, ndugu yangu, ndivyo walivyolelewa Wanyakyusa wa vilima vile vya juu ya Mbeya. Siku bibi harusi anapoingia nyumbani kwa mumewe, baba mkwe anakuwa mtu wa kukwepwa. Humtazami, humtaji jina, humjibu akisema. Ukisikia anakuja njiani unajitupa migombani, unajifunika nguo kichwani mpaka apite. Si woga huo, ni heshima, na mwanamke aliyeivunja aliitwa majina ambayo mimi siyasemi mbele ya watu.

Mchungaji alikuwa amehubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kwamba mbele za Mungu mkwe ni baba tu. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani wakaendelea kujificha. Sekela naye aliitikia amina.

Basi alimjua Mzee Yotamu kwa kikohozi chake kikavu, kwa fimbo yake iliyogonga mawe ya njiani, na kwa harufu ya tumbaku iliyobaki migombani akishapita. Na alimpenda, tena sana. Isakwisa alipotaka kumwoa, nyumbani kwao hapakuwa na hata ndama. Mzee Yotamu ndiye aliyezunguka kwa ndugu zake akakopa ng'ombe wa mahari, akawalipa kidogo kidogo, akivaa shati lile lile mpaka likawa viraka vitupu. Sekela alipojifungua binti yake, Tusajigwe, kila asubuhi alikuta kibuyu cha maziwa nje ya mlango wake. Hakuna aliyemwambia kimetoka kwa nani. Alisikia kikohozi tu kikiondoka.

Mumewe, Isakwisa, alikuwa taniboi wa lori la mizigo. Kazi yake ilikuwa kupakia, kupakua, na kuweka gogo nyuma ya tairi lori likikwama mlimani. Walikwenda Iringa na kurudi, na kule walilala Ipogolo, chini ya mji, mahali madereva wanapokutana na maneno yanapokutana. Mwaka ule wa hamsini na saba alirudi na vitu viwili: koti kubwa la kijeshi alilouziwa na askari mstaafu, na kadi ya TANU. Koti akamwachia mkewe kwa ajili ya baridi. Kadi akaibana kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa sikiliza balaa lilivyoanza.

Baraza la wenyeji lilitaka kujenga nyumba mpya ya baraza, ya mawe na saruji, na bati juu. Fedha hazikuwapo. Serikali ingekopesha, na mkopo ungelipwa kwa kuongeza kodi ya kila mwanaume, miaka na miaka. Mzee Yotamu alikuwa mjumbe, na mkutano ulipoitwa alisimama kuutetea mkopo. Wanawake walikaa nyuma ya ua wa matete. Sekela aliwapa wazee mgongo, lakini masikio hayana mgongo.

"Ndugu zangu," alisema mzee, "mnaliogopa neno deni kama chui. Nani hapa amemwoza mwanawe bila kukopa? Mimi nilikopa ng'ombe, nikamwoza huyu Isakwisa. Leo mke yupo, mjukuu yupo, na ng'ombe nimekwisha kuwalipa. Dawa ya deni ni kulipa. Serikali ni baba yetu. Baba akikopa, anawakopea watoto."

Wazee wakaguna kukubali. Hapo Isakwisa akasimama. Sekela alitamani ardhi immeze.

"Shikamoo, baba. Kweli ulikopa. Lakini uliniuliza kwanza, na ulivaa viraka mpaka deni likaisha. Hawa wametuuliza lini? Bwana Shauri, huyo mzungu wa wilaya, atavaa viraka? Shule ya watoto hatuna. Mgonjwa tunambeba kwa machela mpaka mjini. Ninyi mnajenga nyumba ya kutuhukumia tukishindwa kodi ya kuijenga! Watakaolipa ni watoto wetu, hawa wanaonyonya. Baba gani huyo, anakopa kwa jina la wanawe, halafu anatangulia yeye kula?"

Loo! Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Isakwisa aliisema serikali, jamani, kila mwenye akili alilijua hilo. Lakini ulimi hauna mfupa, na neno "baba" lilikuwa limesimama pale pale mbele yao na fimbo mkononi. Mmoja akapaza sauti, "Mjibu, mzee!" Wakacheka tena. Sekela alisikia kikohozi, kisha fimbo ikienda zake polepole, na hakuna aliyemfuata.

Mkopo ulipita. Ulikuwa umekwisha kupita kabla watu hawajaitwa, kama Isakwisa alivyosema. Na kijiji kikaanza kunung'unika.

Na manung'uniko kule si maneno matupu. Wazee wanasema watu wengi wakimnung'unikia mtu kwa pamoja, pumzi zao hugeuka baridi, na baridi hiyo humwingia mifupani. Wanaiita pumzi ya watu. Vijana walimnung'unikia Yotamu kwa ajili ya kodi. Wazee walimnung'unikia Isakwisa kwa kumwaibisha baba yake. Ilinong'onwa mtoni, ikanong'onwa kwenye pombe, na Jumapili ikanong'onwa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Mwezi wa sita, ukungu ulipoanza kulala mabondeni mpaka mchana, Mzee Yotamu akaanza kutetemeka mbele ya moto.

Isakwisa alisema ni homa ya mapafu. Huenda. Mimi sikuwa daktari wake.

Damari, mke wa mzee, hakutaka kujua ni homa ya nini. Alijua dawa. Watu wa nyumba moja wakikasirikiana, huketi pamoja, kila mmoja akatoa neno lake lote lililo kifuani, bila kubakiza. Kisha hunywa maji funda moja na kuyatema chini, na hasira hutoka nayo. Neno likibaki kifuani na mwenye nalo akafa, halifi naye. Hutafuta mtoto.

Alimfuata mwanawe. "Njoo uteme maji na baba yako."

"Nikitema, mama, watasema nimekubali deni lao."

"Nani anazungumza habari za deni? Nazungumza habari za baba yako!"

"Kwake yeye ni kitu kimoja," alisema Isakwisa. "Hapo ndipo tulipogombana."

Akamrudia mumewe. Mzee naye alikuwa amejifungia ndani ya moyo wake. "Aje yeye kwanza," alisema. "Aseme neno moja. Moja tu, Damari. Hata akinitukana, nitajua ana baba."

Na Isakwisa alikwenda, mkaidi yule! Alikwenda jioni, akasimama mlangoni kwa baba yake, akashindwa kufungua kinywa, akaondoka. Akaenda tena, ikawa vile vile. Mzee alimwona kila mara, kivuli kirefu kikiziba mwanga. "Mwanao amekuja tena kusimama kama nguzo," alimwambia Damari, na Damari akaja kumsimulia Sekela huku analia. Sekela alimsihi mumewe usiku kucha. Asubuhi honi ya lori ililia barabarani na Isakwisa akaenda Iringa. "Nikirudi," alisema. "Nikirudi nitasema naye. Nakuapia."

Sekela alishika kiapo hicho kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Alimtazama Tusajigwe akichezea majivu, akahesabu kwa nani neno la mzee lingekwenda likikosa kutemwa. Nyumba nzima ilikuwa na mtoto mmoja.

Siku ya tatu mzee alizidiwa. Damari alikwenda kumwita Sedekia, ndugu wa mzee, ng'ambo ya bonde. "Uji upo jikoni," alimwambia Sekela. "Uweke mlangoni, ugeuke, uondoke. Usikae." Kana kwamba Sekela alihitaji kuambiwa! Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, na ukungu ulikuwa umefunika migomba. Alivaa koti la Isakwisa, akalivuta ukosi mpaka juu ya kichwa, maana lilikuwa linakinga mvua na linafunika uso vizuri kuliko kanga. Akaenda na bakuli.

Aliinama kuliweka kizingitini.

"Isakwisa."

Sauti ilikuwa karibu mno. Sekela aliganda.

"Ni wewe. Nimeliona koti." Kikohozi, kirefu. "Umerudi. Umefanya vema."

Hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kusemeshwa hivyo na mkwewe. Akijibu, amevunja alichofundishwa na mama yake na bibi yake, tena mzee atajua kwamba mkwewe amemsikia akimbembeleza mwanawe. Aibu gani hiyo ya kumpa mtu anayekufa? Akiondoka, mzee ataona Isakwisa anamgeuzia mgongo. Akabaki pale pale ameinama.

"Mwanangu, ulinichoma," alisema mzee. "Lakini nimelala hapa nikifikiri. Sikuwauliza watu. Hilo ni kweli, sikuwauliza. Sema neno moja, na mimi niseme langu, mama yako akija atuletee maji. Moja tu."

Sekela alijaribu hata kukohoa. Koo lilikataa. Kukohoa nako ni kujibu.

Mvua ilidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Mzee alisubiri. Alisubiri sana, maskini, na pumzi yake ilikuwa inakwaruza. Kisha alicheka kicheko ambacho Sekela hakukisahau mpaka uzeeni.

"Basi. Umekuja kunitazama nikifa. Tazama. Hili la kwangu silitemi, Isakwisa. Ninalo hapa kifuani, nakwenda nalo. Watalipa watoto. Si ndivyo ulivyosema barazani? Haya, watalipa watoto."

Kitanda kililia, mzee akigeukia ukutani.

Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Sekela alitupa koti chini, akaingia ndani, nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga. "Tata! Tata, si yeye! Ni mimi, mkewe! Yeye hajarudi, yuko Iringa, ameapa atakuja kusema nawe. Tata, nirudishie neno hilo!" Alimwita baba kwa lugha ya nyumbani, kichwa wazi, akamtikisa bega kabisa kwa mikono yake. Na akauona uso wake kwa mara ya kwanza, kwa upande: ulikuwa uso wa Isakwisa, uliokonda. Macho yalikuwa yamefumbwa. Pumzi ilikuwa bado inakwaruza. Alisikia? Hakusikia? Hakutoa neno.

Sekela alikimbia bondeni kumtafuta Damari. Waliporudi na Sedekia, moto ulikuwa unawaka bado, na mzee amekwisha kukata roho.

Isakwisa alifika kesho yake na vumbi la Iringa kwenye nyusi. Alilia kama mtoto. "Aliniulizia?" alimwuliza mkewe.

"Alikuulizia," alisema Sekela. Ilikuwa kweli, na hakuweza kuongeza.

Mazishini Sedekia alileta maji, maana hata kaburini hasira inaweza kutemwa na aliyebaki. Isakwisa alisema yote, mbele ya watu wote, wazee na vijana waliocheka: kwamba alimkasirikia baba yake, kwamba maneno yale hayakuwa ya baba yake, kwamba angependa kuukata ulimi wake. Akanywa, akatema. Watu wakashusha pumzi. "Kuna mwingine mwenye neno?" aliuliza Sedekia. Sekela aliinua kichwa. Damari akamvuta kanga taratibu. Mkwe hasemi kaburini kwa baba mkwe.

"Basi yamekwisha," alisema Sedekia.

Nyumba ya baraza ilijengwa. Bati lake liliwaka jua hadi upande wa pili wa bonde, na kodi ikapanda, na Isakwisa akailipa kama wengine huku akinung'unika. Sekela alikuwa akilipita jengo lile bila kulitazama. Usiku alimshika Tusajigwe paji la uso, akalikuta la kawaida, akalala. Pengine mzee alisikia, alijiambia. Pengine aliyameza aliyoyasema. Akajiambia hivyo mpaka akaanza kuamini, na mvua zikaja zikaisha, na mwezi wa sita ukarudi na ukungu wake.

Jioni moja alikuwa jikoni akipepeta mahindi. Isakwisa alikuwa kibarazani mwa nyumba, kando ya moto, na binti yake magotini, akimfundisha kusema Ipogolo, na mtoto alikuwa akikosea na wote wawili wakicheka. Kisha mtoto akanyamaza.

"Sekela," aliita Isakwisa, "niletee lile koti. Mtoto anatetemeka."

Ungo ulimtoka mikononi, mahindi yakatawanyika sakafuni. Alitoka nje. Alimtazama Tusajigwe, midomo ikigongana, mbele ya moto uliokuwa unawaka vizuri.

"Koti halitamfaa," alisema. "Nenda kamwite mama yako, upesi. Mwambie aje na maji."