Kunguru wa Kijapani Niliyemsugua

Kukaa bure kwangu ni ugonjwa. Juzi, nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi katika duka la vitu vya kale hapa Stockholm, bosi wangu Ingrid alinikabidhi birika la fedha la Kijapani.

"Lipanguse vumbi tu," akasema. "Mwenyewe yuko njiani."

Nikapangusa. Mwenyewe hakutokea. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Ubavuni pa birika palipachikwa kunguru wa madini, mweusi tii, nami nikaamini weusi ule ni uchafu wa miaka. Nikatia dawa ya kung'arishia, nikamsugua mpaka akawa mwekundu, anametameta. Moyoni nikajiona nimeshaajiriwa.

Hatimaye bibi mwenye birika akaingia, akaketi, akaanza kunisimulia.

"Kumtengeneza kunguru wa birika langu, fundi alichanganya shaba na dhahabu kidogo, akaichemsha kwenye dawa mpaka ikawa nyeusi. Marehemu mume wangu alimpenda sana kunguru huyo."

Ingrid akamletea birika. Bibi akaligeuza, akavaa miwani, akaligeuza tena.

"Huyu jogoo ni wa nani?" akauliza taratibu.

Ingrid alikuwa anavitazama vidole vyangu vyeusi.