Pembe Moja ya Muratina

Mwanangu Waweru alikuwa akiendesha lori la mbao kutoka Timboroa hadi Eldoret. Mwaka wa 1983 vidonda vya tumbo vilimlaza hospitalini, wakamkata zaidi ya nusu ya tumbo. Alitoka amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Daktari alituambia wazi: "Pombe usiguse. Kikombe kimoja kitakupanda kama vitano."

Nilimkataza Waweru kusema. Alikuwa anamposa Nduta wa Kapsoya, na niliogopa babake, Mzee Gathogo, hangempa binti mtu aliyekatwa tumbo.

Siku ya kupeleka mahari, Mzee Gathogo alimjazia pembe ya ng'ombe kwa muratina, pombe yetu ya asali. Kwetu, baba ya msichana akikupa pembe, kuikataa ni kumkataa binti yake. Waweru alinitazama. Nikaangalia chini.

"Kunywa, kijana! Ama unangoja mama akuonjee?" wazee wakamcheka.

Akaimaliza.

Saa kumi alichukua lori tulilobebea mbuzi wa mahari alirudishe kwa tajiri wake. Mjini hakufika. Aliingia mtaroni mbele ya polisi, na walipomwambia ashuke, akaanguka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi.

Kortini, hakimu alimuuliza alikunywa kiasi gani.

"Pembe moja, mheshimiwa."

"Ya ndovu?"

Watu walicheka, hata askari wa mlangoni. Nyuma yangu walikaa Mzee Gathogo na Nduta. Nikinyamaza, Waweru atafungwa kama mlevi na mwongo. Nilisimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, mimi ni mama yake. Hana tumbo. Walimkata, na ni mimi nilimwambia afiche."

Barua ya daktari nilikuwa nimeifunga kwenye leso. Hakimu aliisoma mara mbili. Hakumfunga, lakini alimnyang'anya leseni mwaka mzima.

"Tumbo dogo halikumshika mkono aingie kwa lori," alisema.

Nje, Mzee Gathogo alichokonoa ardhi kwa bakora.

"Mama Waweru," akasema, "ungeniambia tu, ningejaza hiyo pembe uji."

Akaondoka bila kusema kama mahari bado imekubaliwa. Nduta aligeuka mara moja tu.

Sasa Waweru anapanga mbao kiwandani, wengine wakiendesha. Nami kila nikisikia hodi, natoka mbio kuangalia kama wameturudishia mbuzi wetu.