Wino wa Marais Watatu

Jirani yangu, karani wa uhamiaji, huwapima marais kwa wino. Enzi za yule mkali wa maneno, kichupa cha wino wa muhuri wa kufukuzia wageni kilimaliza miezi mitatu. Enzi za yule mpole, hakikumaliza mwezi. Watu mtaani wanamsifu huyo mpole; karani huguna tu. "Na huyu wa sasa, kaka?" nilimuuliza jana. Akasugua doa la zambarau kwenye kidole gumba, lile lisilosikia sabuni. "Huyu ndiyo kwanza anaanza." Akamimina chai vikombe viwili, kama kawaida yake, kimoja akakisogeza mbele ya kiti cha fundi viatu, mgeni aliyekuwa mpangaji mwenzake. Karatasi ya kumfukuza fundi aliigonga muhuri karani mwenyewe, enzi za yule mpole. Akanywa chake. Cha mwenzake kilipopoa, akakinywa pia.