Kisu chenye Mpini wa Pembe

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, baba mkubwa Léonce alitoa daftari lake dogo na kuandika tuliyokuwa tukisema. Bibi Honorine, mama yake, alipochora msalaba kwa ncha ya kisu upande wa chini wa mkate, kabla ya kuukata, na hilo aliliandika.

Alikuwa profesa Paris. Watu walijaa ukumbini kumsikiliza akifundisha kwamba siku hizi picha ya kitu imekimeza kitu chenyewe, nakala zimezagaa hata asili haipo tena. Kwetu alikuja kila Januari, wakati wa kuchinja nguruwe. Mwaka ule babu alikuwa amefariki Oktoba iliyotangulia, na Léonce alikuja kufuata kisu cha mfukoni cha marehemu, chenye mpini wa pembe. Kwetu kisu cha marehemu hupewa mwanawe wa kwanza. Alishakiulizia mara mbili.

Lakini kitabu chake kipya kilikuwa kimemtangulia. Baba yangu, Basile, mdogo wake, aliniambia nikisome mezani mbele ya majirani waliokuja kuchinja. Shule niliiacha mapema, ila kusoma najua. Nikasoma kwamba nyumba ile haina wakulima tena, ina waigizaji wa ukulima. Kwamba mama yake huchora msalaba kwa kuwa tu anatazamwa.

Jirani mmoja akamuuliza bibi leo anaigiza sehemu gani. Wakacheka. Léonce akasema ile ni nadharia tu.

"Kula, Profesa," bibi akamwambia. Kabla ya hapo, siku zote alimwita "mwanangu".

Kesho yake mchana alimkalisha kiti cha wageni. Kando ya sahani palikuwa na kisu chenye mpini wa pembe. Léonce akakishika kwa mikono miwili, macho yakamlowa. Akakikunjua. Kilimeta; hakijawahi kukata kitu. Baba yangu alikuwa amekinunua sokoni asubuhi ile.

"Mama, cha baba kiko wapi?"

"Kwani hicho kina tofauti gani? Si umeandika asili haipo?"

Mbele yake baba yangu alikuwa akikata nyama kwa kisu cha babu, ubapa wake umeliwa na kunolewa hadi ukawa mwembamba.

"Andika basi, kaka," akasema. "Daftari si unalo?"

Léonce akakiweka kile kipya mezani, akachukua koti. Bibi akavuta mkate, akachora msalaba chini yake, huku mwanawe amempa mgongo. Mlango ukafungwa. Hakurudi, hata tulipomzika bibi.