Getruda Aliyejiandikisha kwa Jina Langu

Getruda wa mtaa wa Pasiansi ni hodari, sitamnyima sifa. Vigelegele anajua kupiga, na sauti ya mtu anaiiga mpaka mwenyewe unageuka kujitafuta. Mume wangu Shigela, Getruda alimchukua bila jasho. Huyo nilimwachia, anakoroma. Lakini mwaka tisini na tisa alinyoosha mkono kwa binti yangu.

Odeta alikuwa Norwei akisomea uuguzi. Kila Jumamosi alinipigia kwa kompyuta, dukani kwa Khalidi hapa Kirumba, maana simu ya kawaida ilikuwa ghali. Khalidi aliniandikisha humo: Mama Odeta. Odeta akiliita jina hilo, kompyuta inalia, nami nazungumza. Sauti zilitoka kama za watu walio ndani ya pipa, na benchi zima la wanaosubiri zamu lilisikia.

Ghafla kukawa kimya, Jumamosi baada ya Jumamosi. Khalidi akachungulia kompyuta yake.

“Mama, jina lako linalia Pasiansi. Kuna mtu kajiandikisha nalo kule kwenye duka la Yunus.”

“Na kompyuta haikumwuliza yeye ni nani?”

“Haiulizi. Aliyejiandikisha mwisho ndiye anayeitwa.”

Akaniandikisha upya, na Odeta akapiga.

“Shikamoo mama. Umerudi Kirumba? Si ulisema umepatana na baba, nikija Krismasi nifikie Pasiansi?”

Sikuwa na haja ya kuuliza sauti yangu imevaliwa na nani. Mume sawa, lakini mtoto arudi nyumbani kwa yule?

Kwetu Usukumani humzoei mtu kabla hujamwuliza ni wa kwa nani. Nikamwambia Odeta asizungumze na mama yeyote kabla ya kumwuliza jambo tunalolijua sisi wawili tu.

“Haya. Nilipougua surua, nililia nataka kula nini?”

“Furu wa kukaanga,” nikajibu, wale samaki wadogo wa ziwani.

Benchi likacheka. Khalidi hakucheka. “Msirudie swali hilo,” akasema. “Limeshasikika.”

Kweli, kwenye benchi hilo, kanga imemfunika mpaka puani, alikuwepo Getruda.

Jumamosi iliyofuata aliwahi Pasiansi, akajiandikisha tena. Yunus ndiye aliyenisimulia. Odeta alipiga, akauliza, “Mama, bibi alikuwa ananiitaje akinibembeleza?”

“Furu,” Getruda akajibu kwa sauti yangu, taratibu, kwa mapenzi. “Wa kukaanga.”

Odeta alicheka mpaka Yunus akadhani kipaza sauti kimeharibika. Kisha akasema, “Mama mdogo, msalimie baba. Mimi nafikia Kirumba.”

Krismasi Odeta akaja, akasukuma begi lake chini ya kitanda changu, akanikalisha mkekani anisuke. Kabla hajafika katikati, mjumbe wa Shigela alikuwa mlangoni: binti aende Pasiansi kwa baba yake.

“Mwambie baba asubiri,” Odeta akasema bila kugeuka. “Nywele za mama bado.”

Naye alisuka polepole kweli siku hiyo.