Isale la Babu Mdogo

Maganda ya kahawa yakinyeshewa siku mbili hutoa harufu tamu yenye uchachu, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, inayoanza kuiva. Juzi nilipita karibu na nyumba moja hapa mtaa wa Soweto, mjini chini ya mlima wetu, ambako mtu ameleta magunia ya maganda hayo kurutubisha migomba yake, nikasimama katikati ya njia kama aliyesahau anakokwenda. Pikipiki ilinipigia honi. Sikuisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa mlimani tena, nina miaka tisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na babu anazungusha mashine ya kumenya kahawa.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda huko kwetu na magari yao, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Babu hakuwajali. Kilichomkosesha raha ni uvumi kwamba shamba kubwa la ng'ambo ya mto lingepewa mwekezaji. Sote tuliliita shamba la mzungu, ingawa mzungu mwenyewe aliondoka kabla baba hajaoa. Kila lilipotajwa babu alitema mate, na bibi akamkumbusha kwamba chungu cha mtori kiko karibu.

Ng'ambo ya mfereji aliishi Babu Mdogo, mdogo wake babu wa tumbo moja. Walikuwa hawasemezani. Nilizaliwa nikaikuta hali hiyo, nikaiona ya kawaida kama mlima wenyewe. Kanisani, padri aliposema tutakiane amani, babu aligeuka upande wa pili na kuigusa nguzo. Kwa muda mrefu niliamini nguzo ile ni jamaa yetu.

Mwaka huo Babu Mdogo alikuwa akidhoofu tangu Pasaka, na nilimsikia mama akisema Krismasi hataiona. Asubuhi moja ya msimu wa kahawa akaniita kutoka ng'ambo. Nilivuka nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti nyembamba, kisha akanikabidhi jani la isale lililopigwa fundo.

“Mpelekee babu yako,” alisema. “Usikimbie.”

Ninyi msio wa kwetu niwaeleze. Masale ndiyo mimea ya majani marefu tunayoipanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Aliyekukosea akikuletea jani lake lenye fundo, amekuomba msamaha, nawe huna budi kusamehe. Hata mtoto alilijua hilo. Kosa lenyewe ndilo nililokuwa silijui.

Nilitembea taratibu, jani nimelishika kwa mikono miwili kama msaidizi wa padri. Babu aliponiona alisimamisha mashine. Alilitazama lile jani muda mrefu, maji ya kahawa yakimchuruzika vidoleni, akaniambia nilirudishe. Bibi, aliyekuwa akichambua kahawa pembeni, alisema mtoto haendi popote mpaka aambiwe anachorudisha.

Basi babu akasimulia, macho yake yakiwa kwenye mashine. Zamani ng'ambo ya mto palikuwa malisho yetu. Mzungu akaja na karatasi ya serikali, akazungushia seng'enge. Halafu ikaja kodi ya kichwa, na ili kuilipa watu wakaenda kumchumia mzungu kahawa kwenye ardhi ya baba zao. Walinung'unika, lakini walinung'unikia majumbani mwao. Walijipa moyo kwamba ni mgeni, atajifunza.

Siku moja ng'ombe wa baba yake babu walivunja seng'enge wakakanyaga miche ya kahawa. Mzee yule alisema kosa ni kosa, hata kama ardhi ilikuwa yake. Akakata isale, akalipiga fundo, akampelekea mzungu. Babu Mdogo alikuwa nyapara pale na ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mzungu akamwuliza, huyu mzee ameniletea nini? Babu Mdogo alijua vizuri sana. Lakini mbele ya bwana wake, yeye mwenyewe amevaa viatu vipya, alizionea aibu mila za kwao.

“Majani tu, bwana,” alijibu.

Mzungu akacheka, akamtupia ndama lile jani, na ng'ombe wawili wa mzee wakachukuliwa. Babu alikuwa papo hapo na kikapu chake cha kahawa, akasikia yote.

Kesho yake hakuna aliyekwenda kuchuma. Kahawa iliiva ikadondoka chini. Yale ya kodi na seng'enge watu walikuwa wakiyatafutia udhuru, babu alisema, lakini mtu anayemlisha ndama isale utazungumza naye nini tena? Hapo ndipo ilipoanza mikutano ya kwenye migomba na kadi za chama zilizofichwa ndani ya ulezi. Babu mwenyewe alishuka kwa miguu mpaka Majengo, mjini, kupeleka ujumbe, mara nyingi asizoweza kuzihesabu, mpaka bendera ikabadilishwa. Shuleni tulikuwa tumekaririshwa sababu za uhuru, na ndama hakuwamo.

Baba yao alikufa kabla ya bendera hiyo, bila kumtazama tena mwanawe mdogo usoni. Babu alimaliza hapo, akaniambia mara ya pili nilirudishe jani.

Bibi alijifuta mikono kwa jani la mgomba. “Baba Aloisi,” alimwambia babu polepole, “ukilirudisha hilo, yule mzungu hajaondoka.”

Ukungu ulipita katikati yetu. Maji ya mfereji yalisikika, na mikono yangu ilianza kuniuma kwa kushika jani jepesi namna ile. Niliogopa sana. Hatimaye babu alinawa mikono, akanawa tena, akalichukua. Aliuvuka mfereji mahali pasipo hata gogo, akalowa mpaka magotini. Nilitaka kumfuata, bibi akanishika sketi. Niliwaona kwa mbali wazee wawili wamekaa kwenye benchi moja.

Babu Mdogo tulimzika wiki ya pili ya Majilio, kabla ya Krismasi, na babu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Niwaambie ukweli, siku ile nilimwonea babu aibu kidogo. Niliona ameshindwa na jani, yeye aliyemshinda mzungu. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu nilipoyaelewa maneno ya bibi. Chuki iliyowainua watu wale ilikuwa na sababu yake, na siilaumu mpaka leo. Lakini ilimbakia babu baada ya kazi yake kwisha, na nusura imfanye naye mtu wa kukataa isale. Kumtoa mzungu shambani walisaidiana wengi. Kumtoa moyoni ilibidi babu afanye peke yake, uzeeni.