Uso Uliorudisha Mkono Wangu

Kabla ya vita sikuwahi kukaa mahali pamoja miezi miwili. Nilimaliza sekondari nikarudi kwenye ngamia wetu, kati ya Wajir na Garissa. Hata leo, nimepita arobaini, nikisikia kengele ya mbao shingoni mwa ngamia miguu inaniwasha.

Vita vilipopamba moto, lori tulilopanda lilikanyaga bomu karibu na Garissa. Chuma kilinipasua mkono wa kulia. Kidonda kilioza, kikatoa usaha na harufu. Niliweweseka kwa homa hospitalini. Kilipofunga, vidole vilibaki vimejikunja.

"Visipofanya kazi vitakakamaa hivyo hivyo," daktari alisema.

Nikawaza fundo la kamba ya mizigo. Halifungwi kwa mkono mmoja. Asiyeweza kulifunga hahami na wenzake, huachwa mjini.

Nje kulikuwa na vizuizi vya askari, kwa hiyo nilizunguka vitanda kutwa.

"Utanitobolea sakafu wewe," alisema Mwadime, dresa aliyetufunga vidonda na aliyependa kuchora. Akanifunga brashi vidoleni kwa bendeji, akanipa picha aliyoikata gazetini: mchoro wa mwanamke akilia, kinywa wazi. "Mchore huyu."

Siku ya tatu aliangalia kazi yangu, akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana, huyu bibi umempa shingo ya ngamia!"

Kweli. Nilianza na shingo, nikamchora akionekana kwa upande.

"Sisi mnyama tunamtambua hivyo, kwa mbali," nikajitetea.

"Huyu hayuko mbali. Analia mbele yako. Anaumwa wapi?"

Nikamtazama. Maumivu hayakuwa kinywani. Yalikuwa katikati ya nyusi, pale ngozi ilipojikunja. Nikaanzia hapo. Vidole viliwaka moto mpaka begani. Niliharibu karatasi nyingi. Wiki ya sita nilishika brashi bila bendeji.

Mama yangu aliporuhusiwa kupita vizuizini, alikuja akasimama mbele ya mchoro. Kwetu, kwa dini yetu, kuchora mtu si jambo jepesi, nikaogopa.

"Nani huyu?"

"Simjui, hooyo."

"Mimi namjua. Hivi ndivyo nilivyolia waliponiambia lori limelipuka."

Akatoa kamba kwenye furushi lake, akanitupia. "Haya, funga."

Fundo la kwanza liliteleza. La pili akalivuta kwa uzito wake wote. Likashika.

Alhamdulillahi. Namshukuru Mwadime, aliyenicheka bila kunihurumia. Wewe uliyelala na kiungo kilichokufa ganzi, kipe kazi leo, hata ikitoka mbaya. Mchoro alibaki nao mama. Mimi, barabara zilipofunguliwa tu, nilifunga mizigo kwa mikono miwili nikaondoka.